Shajara ya mradi: kujenga upya programu ya kuiga umeme wa moyo

Shajara hii inafuata kazi ya kuchukua skripti ya kuiga umeme wa moyo, iliyoandikwa kwa ajili ya utafiti mmoja, na kuigeuza kuwa programu ambayo maabara nzima inaweza kuitegemea. Ndiyo kazi ya kila siku ya mhandisi wa programu za utafiti katika fani hii. Fiziolojia ipo, hisabati ipo. Kinachokosekana ni uhakika kwamba namba zinazotoka ni za mlinganyo ulioandikwa kwenye makala na si za kasoro iliyojificha ndani ya msimbo. Wimbi la rangi likipita juu ya picha ya moyo humshawishi mtazamaji haraka mno. Karibu kila kasoro iliyoandikwa hapa chini ilitoa wimbi zuri.

13 Januari 2025: Kugandisha hali iliyopo

Kabla ya kugusa mstari wowote, skripti iliingizwa kwenye Git (mfumo wa kutunza historia ya msimbo) kama ilivyokuwa, pamoja na faili za vigezo, toleo la kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) na matokeo ya uigaji mmoja kamili. Matokeo hayo hayakuchukuliwa kuwa sahihi. Ni alama tu ya kuonyesha ni lini tabia ya programu imebadilika.

Mlinganyo ni wa monodomeni, yaani unaochukulia ndani na nje ya seli kama tishu moja:

χ·Cm·∂V/∂t = ∇·(σ∇V) − χ·I_ioni + I_kichocheo

Hapa V ni voltaji ya utando wa seli, Cm ni uwezo wa utando kuhifadhi chaji, χ ni eneo la utando kwa kila ujazo wa tishu, σ ni upitishaji wa umeme, na I ni mikondo. Upande wa seli ni modeli ya ten Tusscher na Panfilov ya 2006, aina ya epikadia (tabaka la nje la moyo), yenye vigeu 19 kwa kila nodi (nukta ya hesabu). Kipimo cha kulinganishia ni kile kilichochapishwa 2011 na kundi lililoongozwa na Niederer, ambapo programu 11 zilipewa tatizo lile lile: kipande cha tishu cha mm 20 × 7 × 3, nyuzi za misuli zikielekea upande mrefu, kichocheo cha ms 2 kwenye mchemraba wa mm 1.5 ulio kwenye kona moja. Kinachosomwa ni muda ambao voltaji inavuka 0 mV kwenye kona zote 8 na katikati. Wavu (mpangilio wa nodi) ukishakuwa laini vya kutosha, yaani nodi zikikaribiana, kona ya mbali kabisa (P8) huamka kati ya ms 42 na 44.

Kipimo hiki hakina pa kujifichia. Hakuna jiometri ya mgonjwa, hakuna kovu, hakuna nyuzi zinazopinda. Matokeo yakipotoka, wa kuulizwa ni msimbo.

27 Januari 2025: Vizio

Hatua hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyotoa tofauti kubwa kuliko zote. Skripti ilichanganya sentimita, milimita na mita, na vigezo vya kurekebishia vilikuwa vimetawanyika kwenye mafaili tofauti. Sasa ndani ya programu kuna mfumo mmoja tu: mm, ms, mV, mS na µF. Ubadilishaji wote unafanyika mara moja, faili la vigezo linaposomwa.

Hesabu za kujikagulia ni hizi. Anayenakili kazi hii azipate kwanza kwa mkono. Upitishaji wa ndani ya seli ni 0.17 S/m kufuata nyuzi na 0.019 kuvuka nyuzi. Wa nje ni 0.62 na 0.24. Kwa monodomeni, chukua zao la hizo mbili ugawanye kwa jumla yao: 0.1334 S/m kufuata nyuzi na 0.0176 kuvuka. S/m na mS/mm ni namba ile ile. Kwa χ = 140 kwa mm na Cm = 0.01 µF/mm², msambao unakuwa 0.0953 mm²/ms kufuata nyuzi na 0.0126 kuvuka. Kichocheo cha 50,000 µA/cm³ kikigawanywa kwa χ (1400 kwa cm) kinabaki 35.7 µA/cm², yaani kinapandisha voltaji kwa 35.7 mV kila ms pale Cm inapokuwa 1 µF/cm².

Mtego ulikuwa kwenye Cm. Makala ya awali ya modeli ya seli ya ten Tusscher yanatumia 2 µF/cm², ilhali kipimo cha 2011 kinatumia 1. Juu ya hapo, msimbo wa seli una namba nyingine, 0.185, inayohusika na kugeuza mkondo kuwa badiliko la ioni ndani ya ujazo wa seli. Skripti ilikuwa imeweka 2 upande wa tishu huku kichocheo kikihesabiwa kwa 1. Wimbi lilipita, ila polepole. Suluhisho: mikondo ya seli inabaki katika pA/pF, Cm ya tishu inaandikwa mahali pamoja tu, na 0.185 haitoki nje ya faili la seli.

17 Februari 2025: Seli moja

Kuandika milinganyo ya seli hakukuchukua muda mrefu. Muda ulikwenda kwenye mambo mawili.

La kwanza ni lango m la sodiamu, kigeu kati ya 0 na 1 kinachoonyesha njia ya sodiamu imefunguka kiasi gani. Kwenye −85 mV, muda bainifu wa lango hili ni takriban ms 0.0011. Mbinu ya Euler ya mbele (thamani mpya = ya zamani + hatua × kasi ya badiliko) inahitaji hatua isiyozidi maradufu ya hapo, yaani kama ms 0.002, la sivyo thamani inayumba na kulipuka. Skripti ilikuwa ikitumia hatua ya ms 0.02 na kulibana lango kati ya 0 na 1 kila mara lilipotoka nje. Hilo halitibu chochote. Linaficha tu mlipuko na kuharibu mwanzo wa wimbi. Mbinu ya Rush na Larsen ya 1978 inatosha kabisa hapa: lango jipya = y∞ + (y − y∞)·exp(−Δt/τ), ambapo y∞ ni thamani ambayo lango linaielekea na τ ni muda bainifu. Malango yote yamehamishiwa huko. Viwango vya ioni vimebaki kwenye Euler ya mbele kwa sababu vinabadilika taratibu. Kibano kimefutwa. Badala yake, lango likitoka nje ya 0 na 1 programu inasimama na kutaja nodi, muda na thamani.

La pili linastahili kuelezwa kwa kirefu. Mkondo wa kalsiamu wa aina ya L una sehemu ya umbo x / (exp(x) − 1), ambapo x = 2(V − 15)F/RT. V ikifika 15 mV kamili, juu ni sifuri na chini ni sifuri, na kompyuta inatoa NaN (alama ya “si namba”). Katika hesabu ya moja kwa moja ni nadra voltaji kutua juu ya 15 bila desimali hata moja, hivyo kasoro inaweza kukaa kimya kwa miaka. Lakini programu hutumia jedwali la thamani zilizohesabiwa mapema kwa kila 0.1 mV kuanzia −100, na mstari wa 1,151 wa jedwali hilo ni 15 mV.

Mbona haikuonekana mapema? Skripti ilijenga jedwali kwa kujumlisha 0.1 tena na tena. Makosa madogo ya ukadiriaji yalirundikana, hivyo mstari ule haukuwa 15 kamili bali 15 na mabaki ya takriban 1e-12. Thamani ilitoka, ila tarakimu zake nyingi zilikuwa takataka, maana exp(x) − 1 kwa x ndogo kiasi hicho hupoteza karibu usahihi wote. Tulipobadilisha ujenzi wa jedwali kuwa −100 + i × 0.1, njia iliyo sahihi zaidi, mstari ukawa 15 kamili na NaN ikajitokeza. Kwa kuwa usomaji wa jedwali unachanganya mistari miwili jirani, NaN ilienea kwenye sehemu yote kati ya 14.9 na 15.1.

Hata hivyo programu haikusimama, ingawa kulikuwa na ukaguzi wa isnan, unaotafuta NaN, kila hatua. Sababu ni bendera ya kompaila, -ffast-math: inaiambia kompaila ichukulie kwamba NaN haipo kabisa, na kompaila ikaufuta ukaguzi wenyewe kwa kuuona hauna kazi.

Marekebisho yaliyobaki kwenye msimbo: x / expm1(x) badala ya umbo la awali (expm1 hukokotoa exp(x) − 1 bila kupoteza usahihi), pale |x| inapopungua chini ya 1e-6, tumia 1 − x/2, -ffast-math imeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na -O3 pamoja na -fno-math-errno, na jedwali zima linakaguliwa mara moja baada ya kujengwa, kabla uigaji haujaanza. Kasi iliyopotea kwa kuondoa bendera ile ni ndogo, kwa kuwa kazi nzito ya exp imeshahamia kwenye jedwali.

Angalizo kwa anayefuata: thamani za mwanzo za vigeu vyote 19 zitoke chanzo kimoja. Kuchukua V = −85.23 kutoka kwenye kipimo na viwango vya kalsiamu kutoka toleo jingine la modeli kunaleta pigo la kwanza lenye umbo tofauti, na tofauti hiyo inafanana sana na kasoro ya msimbo.

10 Machi 2025: Kipande cha tishu

Wavu tatu zimetengenezwa kama kipimo kinavyotaka: nafasi ya mm 0.5 (nodi 4,305), mm 0.2 (nodi 58,176) na mm 0.1 (nodi 442,401). Kila moja inaendeshwa kwa hatua za ms 0.05, 0.01 na 0.005.

Kasoro ya kwanza ilikuwa kwenye mchemraba wa kichocheo. Nodi zilichaguliwa kwa sharti x ≤ 1.5, na nafasi za nodi zilipatikana kwa kujumlisha. Ukijumlisha 0.1 mara 15 kwa namba za biti 64 unapata 1.5000000000000002, kwa hiyo tabaka zima la nodi likaachwa nje kwenye kila upande. Nafasi sasa zinapatikana kwa kuzidisha, na sharti lina nyongeza ya 1e-9. Kwenye wavu wa mm 0.2 tatizo ni la aina nyingine: 1.5 haigawanyiki kwa 0.2, hivyo mpaka wa kichocheo unaangukia katikati ya nodi 1.4 na 1.6. Hapo hakuna jibu moja sahihi. Tumechukua nodi hadi 1.4, na uamuzi huo umeandikwa kwenye faili la vigezo ili atakayelinganisha ajue.

Matokeo ya mm 0.5 yanaweza kumtisha asiyeyategemea. Wimbi linatambaa, hasa likivuka nyuzi, na P8 inachelewa mno. Si kasoro. Unene wa ukingo wa wimbi unaenda na kipeuo cha pili cha msambao, 0.0953 kwa 0.0126 ni karibu 7.6, kwa hiyo ukingo unaovuka nyuzi ni mwembamba takriban mara 2.75 kuliko unaofuata nyuzi. Wavu unaotosha upande mmoja una nafasi kubwa mno kwa upande mwingine. Kuikusanya matriksi ya masi (inayozidisha badiliko la V kwa muda) kwenye ulalo, kama tunavyofanya, kunaongeza ucheleweshaji huo kwenye wavu wenye nafasi kubwa. Asijaribu mtu kuongeza upitishaji ili muda ulingane: atapata jibu la wavu mmoja na kulipoteza la zote.

Kwenye mm 0.1 na ms 0.005, P8 imeingia ndani ya kiwango cha programu zilizochapishwa. Gharama yake: kutoka mm 0.2 na ms 0.01 hadi hapo, nodi zinaongezeka mara 7.6 na hatua mara 2, yaani kazi mara 15.

31 Machi 2025: Kitatuzi kilichomaliza bila kufanya kazi

Sehemu ya msambao inatatuliwa kwa mbinu ya gradienti shirikishi ya PETSc (maktaba ya kutatua milinganyo mingi kwa pamoja), ikianza na voltaji ya hatua iliyopita, kichocheo kikiwa kimeshaongezwa, kama kisio la kwanza. Kwenye kumbukumbu ya uigaji wa mm 0.1 kulikuwa na jambo la kushangaza: katika hatua za mwanzo kabisa kitatuzi kilitangaza kimefaulu kwa marudio 0.

Chanzo ni kikomo cha kosa. PETSc isipoelekezwa vingine hukubali jibu pale mabaki (tofauti kati ya pande mbili za mlinganyo) yanapokuwa chini ya 1e-5 ya ukubwa wa upande wa kulia wa mlinganyo. Lakini tishu iliyopumzika ina −85 mV kila mahali. Kwa nodi 442,401, mlinganyo ukiwa umesawazishwa kwa ujazo wa nodi, ukubwa huo ni 85 × √442,401, kama 56,500, na kikomo kinakuwa takriban 0.57 mV. Ms 0.005 za kwanza za kichocheo zinapandisha voltaji kwa 0.18 mV tu, na sehemu inayopaswa kusambaa kwenye mipaka ya mchemraba ni ndogo zaidi. Kisio la kwanza tayari lilikuwa ndani ya kikomo, kwa hiyo hakuna kilichosambazwa. Ubaya zaidi ni kwamba kikomo hicho kinalegea kadiri wavu unavyokuwa laini: unalipia usahihi upande mmoja na kuupoteza upande mwingine.

Marekebisho ni kutatua badiliko la voltaji badala ya voltaji yenyewe. Nodi zilizopumzika zinachangia karibu sifuri kwenye upande wa kulia, na kikomo cha uwiano kinarudi kuwa na maana. Tumeongeza pia kikomo cha mabaki kwa kila nodi. Jaribio la kudumu: kaza vikomo mara 10, muda wa P8 usibadilike zaidi ya ms 0.01.

28 Aprili 2025: Prosesa nyingi, diski, na kuendelea palipoachwa

Ugawaji wa wavu kwa MPI (njia ya prosesa nyingi kuwasiliana) ulikwenda bila shida. Matokeo ya prosesa 1 na prosesa 16 yanatofautiana kwenye tarakimu za mwisho, na hilo ni halali: mpangilio wa kujumlisha unabadilika, na jumla ya namba za desimali za kompyuta inategemea mpangilio. Majaribio yaliyodai ulingano wa kila biti kati ya idadi tofauti za prosesa yamebadilishwa. Sasa yanalinganisha muda wa kuamka kwa kikomo cha ms 0.001. Ulingano wa biti unadaiwa pale tu idadi ya prosesa na kompaila ni zile zile.

Diski ndiyo iliyokuwa na gharama isiyo ya lazima. Vigeu 19 vya nodi zote kwenye wavu wa mm 0.1 vinachukua MB 67 tu za kumbukumbu. Lakini skripti iliandika voltaji yote kila hatua: MB 3.5 kwa hatua, hatua 12,000 kwa uigaji wa ms 60, yaani zaidi ya GB 42, ili baadaye skripti nyingine itafute ni lini kila nodi ilivuka 0 mV. Muda huo sasa unakokotolewa papo hapo kwa kuchukua mstari kati ya thamani ya kabla na ya baada ya kuvuka. Faili zima ni MB 3.5. Nodi ambazo hazijaamka zinabaki −1, kamwe si 0, na idadi yake inachapishwa mwishoni. Wimbi lililokwama linaonekana hapo kabla hata ya kufungua picha.

Faili la kuendelea palipoachwa lilihifadhi V na malango, ila kwa biti 32. Uigaji uliokatwa katikati na kuendelezwa ulitofautiana na ule ulioenda moja kwa moja. Sasa vigeu vyote vinahifadhiwa kwa biti 64, pamoja na muda wa kuamka uliokwisha kupatikana na namba ya hatua kama namba kamili. Muda unapatikana kwa kuzidisha hatua, si kwa kujumlisha. Jaribio: ms 60 mfululizo dhidi ya ms 30 na 30, ulingano wa kila biti.

2 Juni 2025: Kutoka kipande kwenda ventrikali

Wavu wa ventrikali ni wa tetrahedroni (maumbo yenye nodi nne na nyuso nne za pembetatu). Mambo matatu yanakaguliwa unaposomwa. Ukubwa wa nje unachapishwa kwa mm, kwa sababu wavu wa programu ya openCARP huandikwa kwa mikroni na wa programu ya Chaste kwa sentimita, na wavu uliosomwa kwa kizio kisicho chake hutoa wimbi lisilotoka mahali pake au moyo mzima unaoamka kwa mara moja. Ujazo wa kila tetrahedroni uwe chanya; iliyopinduliwa hubadilishiwa nodi mbili. Na nodi zisizotumiwa na tetrahedroni yoyote zinaondolewa, maana safu zao kwenye matriksi ni sifuri tupu.

Kazi kubwa ilikuwa nyuzi. Mwelekeo wake unapangwa kwa kanuni: takriban digrii +60 kwenye ukuta wa ndani, ukizunguka taratibu hadi −60 kwenye ukuta wa nje. Kanuni ilitoa mwelekeo kwenye nodi, nasi tunauhitaji kwenye tetrahedroni, na skripti ilichukua wastani wa vekta nne. Tatizo ni kwamba uzi hauna mbele wala nyuma: f na −f ni uzi ule ule. Palipokuwa na vekta zilizopewa ishara tofauti, wastani ulikaribia sifuri, na ulipolazimishwa kuwa na urefu wa 1 ukaelekea popote. Kwenye picha ya nyuzi kulikuwa na mshono mwembamba kutoka juu hadi kwenye ncha, na kwenye muda wa kuamka kulikuwa na mkunjo hafifu unaoufuata. Mtu angeweza kuusoma kama fiziolojia.

Dawa ni kuchukua wastani wa tensa f·fᵀ za nodi nne, kisha aigenvekta yenye aigenthamani kubwa kuliko zote, yaani mwelekeo mkuu wa tensa hiyo. Ishara inapotea kwenye tensa, kwa hiyo haina la kuharibu. Aigenthamani hiyo inatumika pia kama kipimo cha ubora: ikikaribia 1, nodi nne zinakubaliana, ikishuka chini ya 0.8, tetrahedroni inaorodheshwa ili wavu utazamwe upya mahali hapo. Nyingi zilizoorodheshwa ziko kwenye ncha, ambako nyuzi kweli zinazunguka ndani ya nafasi ndogo.

23 Juni 2025: Majaribio ya kudumu na hatua ijayo

Majaribio yamepangwa kwa uzito. Kila badiliko linaloingia kwenye Git linapitia seli moja, jedwali, vizio na kipande cha mm 0.5. Usiku unaendeshwa wavu wa mm 0.2. Wavu wa mm 0.1 unaendeshwa kabla ya kutoa toleo. Kipande cha mm 0.5 kipo ili kugundua mabadiliko tu; namba zake hazinukuliwi popote kama matokeo, na onyo hilo limeandikwa ndani ya faili la jaribio lenyewe kwa sababu ndipo mtu atakapolisoma. Faili la CITATION.cff (linaloeleza jinsi ya kunukuu programu) na leseni vimeongezwa, na kila faili la matokeo linabeba alama ya komiti (toleo la msimbo kwenye Git), bendera za kompaila na vigezo vyote vilivyotumika.

Hatua inayofuata ni baidomeni, modeli inayotenganisha ndani na nje ya seli, ili kupata voltaji ya nje ya seli na kutoka hapo ECG. Kikwazo cha kwanza kinajulikana: voltaji ya nje haina sifuri ya asili, ukiongeza namba ile ile kila mahali mlinganyo bado unatimia, kwa hiyo matriksi haina kinyume. Njia mbili zitajaribiwa kwenye kipande kile kile cha mm 20 × 7 × 3. Ya kwanza ni kufunga nodi moja kwenye 0. Ya pili ni kukipa kitatuzi vekta ya mamoja kama nafasi batili (vekta ambazo matriksi huzigeuza kuwa sifuri) na kuondoa wastani kila hatua. Ya kwanza ni rahisi kuandika, lakini nodi iliyofungwa inaweza kuongeza marudio ya kitatuzi, hivyo idadi ya marudio itarekodiwa kwa kila hatua tangu mwanzo, pamoja na V, ambayo inapaswa kutoka sawa kwa njia zote mbili.